Basi Lisilongoja Mtu

Asubuhi hiyo Gosbert alikuwa uani kwake, kijijini Ihanda, Karagwe, mkoa wa Kagera, akigeuza kahawa iliyoanikwa juani. Mkewe, Benadeta, akatoka jikoni na sufuria ya uji. Mbele yake palikuwa na kinu. Kinu hicho kilikuwa pale pale tangu walipooana. Hakijawahi kuhama hata kwenda kusalimia majirani. Benadeta akakigonga kwa goti. Uji ukamwagika. Kuku wakafika kabla haujapoa.

"Mama Jovin! Leo kinu kimekukosea nini?" Gosbert akacheka.

Benadeta hakucheka. "Sikukiona, Baba Jovin."

"Kinu chote hicho?"

"Upande wa kushoto sioni kitu. Siku nyingi sasa. Nilidhani ni uzee."

Gosbert akaiacha kahawa pale pale. Siku iliyofuata wakaenda hospitali. Daktari akampima Benadeta macho yote mawili, kisha akavuta kiti, akakaa karibu nao.

"Mama, una presha ya macho," alisema. "Si ile presha ya damu. Maji ya ndani ya jicho yanazidi, yanabana mshipa wa kuonea. Ugonjwa huu hauumi, ndiyo maana watu huchelewa. Unaanza kuiba pembeni, kidogo kidogo, kama panya kwenye ghala."

"Na dawa yake?" Gosbert akauliza.

"Kilichokwisha kupotea hakirudi. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia bado linaona. Tukiliwahi, litabaki."

"Na tukichelewa?"

"Litamfuata mwenzake."

Akawaandikia rufaa kwenda kwa bingwa wa macho, Dar es Salaam. Akawaambia na siku ya kufika.

Sasa, ili umwelewe Gosbert na yaliyomkuta huko, lazima kwanza uijue haisi ya Elipidius.

Elipidius ni jirani yao. Haisi yake hubeba watu kutoka Ihanda kwenda Omurushaka. Ukitaka kusafiri, unaweka mfuko wako kwenye kiti. Basi, kiti kimekuwa chako. Unaweza kurudi nyumbani, ukanywa chai, ukahamisha mbuzi malishoni. Elipidius atakungoja. Akichoka kungoja atapiga honi, na honi yake ina sauti ya kuotesha maharage yaliyopandwa jana. Wanasema kuna siku haisi hiyo ilimngoja mama mmoja aliyekuwa bado anapika. Chakula kilipoiva, abiria wote waliteremka, wakanawa mikono, wakala. Kisha safari ikaendelea.

Gosbert alisafiri hivyo maisha yake yote. Aliamini kila gari duniani lina moyo wa Elipidius.

Walifika Dar es Salaam miguu imevimba kwa kukaa. Mtoto wao, Jovin, akawapokea Kimara, alikopanga chumba kimoja. Gosbert alikuwa na kiroba cha bitoke, zile ndizi zetu za kupika.

"Baba, hizi zote za nini?" Jovin akauliza.

"Za daktari. Mtu atakayeshika jicho la mama yako nimwendee mikono mitupu?"

"Daktari wa huku hapokei bitoke, baba."

"Ana tumbo?"

"Analo."

"Basi anapokea."

Asubuhi Jovin akawapeleka kituo cha mwendokasi, yale mabasi ya mjini yenye njia yake peke yake. Akalipa nauli, wakapita getini. "Mtashuka kituo cha Fire," alisema. "Hospitali haiko mbali na hapo. Mimi nakimbia kazini, nikichelewa nafungiwa geti." Akaondoka.

Basi likaja. Lilikuwa refu, limekunjika katikati kama kiwavi. Gosbert akamshika mkewe mkono, akamwingiza. Kijana mmoja akasimama, akampisha Benadeta kiti. Kiti cha pembeni yake nacho kilikuwa wazi. Gosbert akavua kofia, akaiweka hapo.

"Kaa hapa, Mama Jovin. Nafuata bitoke, nimeviacha nje."

"Watakungoja?"

"Kwani hawaoni kofia?"

Akatoka. Akainua kiroba, akageuka. Milango ilikuwa imefungwa.

"Ngoja!" akapiga kioo kwa kiganja. "Mke wangu yumo! Kofia yangu imo!"

Basi likaondoka. Gosbert akaruka chini kwenye njia ya mabasi, akalikimbilia, kiroba begani. Baadaye huko Ihanda alisema alilikaribia kabisa, akaligusa mkia. Ukweli ni kwamba hakufika mbali. Mlinzi wa kituo alimshika shati, akamvuta pembeni. Basi jingine likapita pale pale alipokuwa, na upepo wake ukampiga usoni.

"Mzee, unataka kufa?" mlinzi alifoka. "Njia hii ni ya mabasi tu!"

"Mke wangu haoni vizuri! Amekwenda peke yake!"

"Panda linalofuata, umfuate."

Gosbert akapanda linalofuata. Juu ya kioo cha mbele paliandikwa basi linakokwenda. Gosbert anajua kusoma. Lakini siku hiyo hakusoma. Macho yake yalikuwa yanamtafuta mke, hayakuwa na nafasi ya herufi. Basi la Benadeta lilikuwa la Kivukoni. La kwake lilikuwa la Gerezani. Kila mmoja akafikishwa mwisho wake.

Kivukoni, Benadeta alikaa kwenye benchi, kofia ya mumewe mapajani. Mfanyakazi wa kike akamsogelea.

"Mama, umepotea?"

"Mimi sijapotea, niko hapa," alijibu Benadeta. "Aliyepotea ni mume wangu."

Bahati nzuri namba ya simu ya Jovin alikuwa nayo kichwani, mfanyakazi akaipiga; Gosbert naye akampigia kutoka Gerezani. Jovin akaomba ruhusa kazini, akawakusanya wazazi wake kama mtu anayekusanya mbuzi waliokata kamba. Walipofika hospitali, bingwa alikuwa amekwisha kumaliza kazi ya siku hiyo.

"Nafasi yenu alipewa mgonjwa mwingine," muuguzi akasema. "Njooni mwezi ujao. Lakini mzee, safari hii msikose. Jicho la mama limebakiwa na uwezo mdogo. Kila siku linapungua."

Chumba cha Jovin kilikuwa kimoja, na kahawa nyumbani ilikuwa imeiva. Wakarudi Karagwe.

Huko Ihanda kila aliyekuja kuwapa pole alipewa na hadithi. "Basi limeniibia mke mchana kweupe!" Gosbert alisema. "Lina milango inayouma kama mamba!" Watu wakasikitika. Wakasema mjini hakuna utu.

Siku ya gulio akaja Bi Shufaa. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kayanga. Wazee wake walihamia kutoka Tanga, lakini yeye ni mzaliwa wa hapa, na Kinyambo anakizungumza kuliko wengine wetu. Mara kwa mara huenda Dar es Salaam kununua mali, na huko hupanda mwendokasi kila siku. Alisikiliza hadithi ya Gosbert mpaka mwisho, mtandio umemfunika mdomo. Mabega yalikuwa yanatikisika.

"Unacheka, Bi Shufaa?" Gosbert akauliza.

"Nisamehe, Baba Jovin. Hebu niambie. Kwa nini ulitoka ndani ya basi?"

"Nilifuata bitoke."

"Na kofia uliiweka ya nini?"

"Ya kushika nafasi! Kama tunavyofanya kwa Elipidius!"

Elipidius alikuwa amesimama pale, akavimba kwa fahari. "Mimi simwachi mtu," alisema.

"Wewe humwachi," Bi Shufaa akakubali. "Lakini wewe unangoja haisi ijae. Lile halingoji kujaa. Linafika kituoni, mlango unafunguka, watu wanashuka, watu wanapanda, mlango unafungwa. Limejaa, halijajaa, linaondoka. Jingine liko nyuma yake."

"Basi gani hilo lisilo na utu?"

"Wewe Baba Jovin, fikiri. Tuseme siku ile basi lingekungoja wewe na bitoke vyako. Kituo cha mbele kulikuwa na nani?"

"Nitajuaje?"

"Labda mgonjwa mwenzako, naye anawahi daktari. Na cha mbele yake mwingine. Likikungoja wewe, linawachelewesha wote hao. Limepewa njia yake peke yake ili wale wa mbele wafikiwe. Huo ndio utu wake."

Gosbert alikuwa hajawahi kuwafikiria watu wa kituo cha mbele. Kwa Elipidius watu wa mbele walikuwepo pia, wamekaa kando ya barabara juani, wanangoja. Mara nyingi mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe.

Benadeta ndiye aliyesema. "Bi Shufaa, mwezi ujao tunarudi. Nikikosa tena, jicho limekwenda. Tufundishe."

"Kwa mdomo mtasahau," Bi Shufaa akasema. "Leteni mabenchi."

Wakaazima mabenchi ya jumuiya, wakayapanga sebuleni kwa Gosbert kama viti vya basi. Sebule ikawa basi. Baraza ikawa kituo. Mlango wa nyumba ukawa mlango wa basi. Elipidius akapewa kazi ya udereva, akakaa mbele ameshika ungo kama usukani. Juu ya mlango Bi Shufaa akaandika kwa chaki: KIVUKONI.

"Kwanza, kabla ya kupanda, mnafanya nini?"

"Tunasoma," Gosbert akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. "Linakwenda wapi."

"Na ukiwa na wasiwasi?"

"Nauliza mtu wa kituo."

"Vizuri. Mabasi mengine hayasimami kila kituo, hilo nalo mliulize. Haya, pandeni. Wanaoshuka kwanza, ndipo ninyi. Mnashikana mikono. Mzigo mnao wenyewe, mdogo, kifuani. Hakuna kurudi nyuma."

Wakapanda. Mlango wa nyumba ya Gosbert haujawahi kuona heshima ya namna hiyo.

"Sasa, Baba Jovin, jifanye umechelewa. Rudi nje. Elipidius, funga mlango."

Elipidius akasita. "Lakini namwona anakuja."

"Funga."

"Ni mtu mzima, jamani, waitu! Anapunga mkono!"

"Elipidius! Funga!"

Elipidius akafunga, akageuza uso pembeni kama mtu anayechinja kuku wa mgeni. Nje Gosbert akagonga mara moja, kisha akakumbuka. Akarudi nyuma, akasimama mbali na ukingo wa baraza.

"Hapo umefanya vizuri!" Bi Shufaa akapaza sauti. "Hugongi, hukimbilii, hushuki kwenye njia ya mabasi. Unangoja linalofuata. Mama Jovin, wewe umo ndani peke yako. Unafanya nini?"

"Nalia," alisema Benadeta, na nyumba nzima ikacheka.

"Baada ya kulia?"

"Sijui. Siku ile nilikaa tu mpaka mwisho."

"Sasa sikilizeni wote, hili ndilo kubwa. Aliyebebwa anashuka kituo kinachofuata. Anakaa hapo hapo, ndani ya kituo. Harudi. Aliyeachwa anapanda linalofuata la njia ile ile, anashuka kituo hicho hicho. Mkitafutana wote wawili mtapishana kutwa nzima. Mmoja akae, mmoja afuate."

"Mmoja akae, mmoja afuate," Benadeta akarudia polepole.

"Na simu kila mtu na yake. Baba Jovin, mpe mkeo ile ya tochi. Mkiingia, msisimame mlangoni, watu wanaoshuka watawasomba. Na kuna viti vya wazee na wagonjwa, msione haya kuviomba." Bi Shufaa akatabasamu. "Halafu, njiani kuna kituo kinaitwa Kagera. Baba Jovin, usije ukashuka kwa furaha."

"Mawe!" Gosbert akashangaa kwa Kinyambo. "Wametuwekea kituo?"

"Kituo cha Dar, kina jina tu. Tulia kitini."

Walifanya mazoezi mpaka ng'ombe waliporudi. Siku zilizofuata waliendelea, wao wawili na Elipidius. Walipotakiwa kuondoka Ihanda, Gosbert hakubeba kiroba. Alibeba mfuko mdogo wa vipimo na makaratasi ya hospitali, akautundika shingoni.

Asubuhi ya siku ya daktari walitoka mapema kabla kituo hakijafurika. Hata hivyo watu walikuwa wengi. Basi la kwanza likaja limejaa. Gosbert akatazama juu ya kioo. Gerezani. "Si letu," alisema. Likaja jingine. Kivukoni. Akamuuliza mfanyakazi wa kituo kama linasimama Fire. Linasimama. Wakangoja wanaoshuka, wakashikana mikono, wakaingia pamoja. Benadeta akaomba kiti, akapishwa.

Gosbert alipaswa kusogea ndani. Lakini hakutaka kukaa mbali na mkewe, na kiti cha Benadeta kilikuwa karibu na mlango. Akasimama hapo hapo. Kila kituo abiria walipungua na kuongezeka, na kila mara walimsukuma kidogo. Kufika Kagera, kundi la watu likashuka kwa pamoja. Gosbert akaona ni adabu kuwapisha. Akakanyaga nje, hatua moja tu.

Mlango ukafungwa.

Kupitia kioo alimwona Benadeta amegeuza uso huku na huku, akimtafuta kwa lile jicho lake moja. Miguu ya Gosbert ilitaka kukimbia. Mkono wake ulikwisha kuinuka kupiga kioo. Akaushusha. Akarudi nyuma, mbali na ukingo.

"Mmoja akae," alijiambia kwa sauti. "Mmoja afuate." Watu wakamtazama.

Ndani ya basi Benadeta alimshika mkono msichana aliyekaa jirani. "Mwanangu, kituo kinachofuata ni kipi?"

"Mwembechai, mama."

"Nisaidie kushuka hapo."

Gosbert alilingoja basi linalofuata kama anayengoja mvua ya kwanza. Likaja. Akasoma. Kivukoni. Akauliza kituo kinachofuata ni kipi, na kama linasimama hapo. Akapanda, na safari hii akasogea ndani. Kituo kilichofuata akashuka.

Benadeta alikuwa amekaa kwenye benchi, simu ya tochi mkononi, miguu ameibana pamoja kama mtu aliye kanisani.

Gosbert akasimama mbele yake. "Mama Jovin, nimekuletea salamu kutoka Kagera."

"Wote hawajambo?"

"Hawajambo."

"Si uliambiwa usishuke?" Akamshika mkono kwa nguvu, akainuka. "Haya, twende. Jicho linangojewa."

Walifika hospitali wagonjwa ndiyo kwanza wanaanza kuitwa. Jina la Benadeta liliposomwa, alikuwepo.

Bingwa akampima tena, akasema asingoje zaidi. Akamfanyia upasuaji mdogo, kulifungulia jicho njia ya kutoa maji yake. Kesho yake akamtoa bandeji.

"Mama, unaona nini?"

Benadeta akapepesa jicho. Akatazama mbele yake kwa muda mrefu, mpaka Gosbert akaanza kutokwa jasho.

"Naona mzee mmoja," alisema. "Amekaa kama kuku aliyenyeshewa. Hana hata kofia."

"Unamjua?"

"Ningekuwa na macho mawili ningemkana."

Bingwa akacheka. Kisha akawaeleza kwa makini. Jicho la kushoto halitarudi. La kulia wameliwahi, lakini kazi haijaisha. Kuna dawa ya matone, moja kila jioni, saa ile ile, bila kuruka. Kuna kliniki ya kurudi kupimwa. Na watoto wao wote wapimwe presha ya macho, hata kama wanaona vizuri, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kutembea katika ukoo.

Jovin alipimwa wiki hiyo hiyo. Kliniki iliyofuata walikwenda, na nyingine, na hawajakosa hata moja.

Sasa ukipita Ihanda jioni, utawakuta wazee wamekaa kwenye kibanja cha jirani yao Projestus, chini ya migomba, wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kudanganyana. Gosbert naye yumo, na uongo wake ndio mrefu kuliko wote. Lakini jua likifika juu ya migomba, hata kama yuko katikati ya hadithi, huinuka.

"Keti, Gosbert!" wenzake humwambia. "Hujamaliza. Basi lilikufanyaje?"

"Kamalizieni wenyewe," hujibu, naye amekwisha kufika njiani. "Mimi nina jicho la mtu."

Nyumbani Benadeta huwa ameketi barazani, ameinua uso. Gosbert hunawa mikono kwa sabuni, hufungua kichupa cha dawa, hukiinamisha juu ya jicho la kulia.

"Umechelewa?" mkewe humuuliza.

"Sijachelewa."

Na tone huanguka.